Sahani ya Baba

Harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, ikichemka kwa mawese hunirudisha mji wa Buffalo huko Marekani, kwenye nyumba ya mbao ya mtaa wa West Side ambamo upepo wa theluji uliingia bila hodi. Ulikuwa mwaka 2015, nami nikiwa darasa la nne. Mama akitoka kiwandani alipika, akapakua sahani tatu: yake, yangu na ya baba. Baba alichukuliwa na watu wenye bunduki huko kwetu Kivu, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na maiti yake haikuonekana. Kwetu, mke akimwekea matanga mume asiyejulikana kama amekufa, ni kama amemwitia kifo. Basi mama hakulia hata siku moja. Sahani ya baba ilifunikwa, asubuhi ikamwagwa. Mimi niliichukia, maana vipande vyake vya nyama vilikuwa vikubwa kuliko vyangu.

Ghorofa ya chini aliishi Bibi Fumiko, mjane wa Kijapani aliyeolewa na mwanajeshi wa Kimarekani zamani sana. Mama hakuvumilia mtu mzima ale peke yake, akamwita. Bibi alipoiona sahani iliyofunikwa, aliiinamia kwa heshima. Kisha akauliza kwa Kiingereza, nami nikawa mkalimani: “Yuko vitani?”

Akatueleza kwamba mama yake naye alimpakulia baba yake hivyo hivyo, alipopelekwa kupigana kwenye visiwa vya mbali, ili asione njaa huko aliko. Watoto wa shule walipewa bendera za karatasi, wakazipunga kila redio ilipotangaza ushindi. Waliendelea kushinda hivyo mpaka mabomu yakauteketeza mji wao, na wali ukawa viazi, viazi vikawa majani. Mwishowe waliletewa kisanduku cha mabaki ya baba yake, kilichofungwa kitambaa cheupe. Ndani hamkuwa na mfupa, ila jiwe. Kwa ujuaji wangu wa kitoto nikamtafsiria methali yetu, kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Alitikisa kichwa.

“Sisi tulikuwa nyasi zilizomshangilia fahali wao,” alisema.

Mama aliweka kijiko chini. “Bon, umuulize: kule baba yake alienda, aliuaka batu?”

Niliona haya, lakini nikauliza. Bibi aliisogeza sahani yake kando.

“Naamini aliua. Ilikuwa nchi ya wenyewe. Huko pia kulikuwa na wake waliopakua sahani zisizoliwa, na sisi hatukuwafikiria.”

Nilidhani mama atamfukuza. Waliomchukua baba nao walikuwa na watoto mahali fulani. Lakini mama aliuliza kwa sauti ya chini, “Donc, ile jiwe mulifanya nayo nini?”

“Tulilizika. Mama alikataa kuja, akasema jiwe si mume wake. Aliendelea kupakua hadi akafa.”

Mama aliifunua sahani ya baba, akaisukuma mbele yangu, akasema, “Kula.” Nilikula, naye akaanza kulia, kilio kilichowapandisha ngazi majirani. Jumamosi iliyofuata wanawake wa kanisani walikuja, tukaweka matanga.

Siku hizi naishi Columbus, karibu na chuo kikuu, ambako wenzangu hujadili vita vya Kongo kwa hoja nzuri: nani mvamizi, nani ana haki. Mimi pia nina hoja zangu. Lakini nikiulizwa baba yangu alifia wapi, ulimi huniponyoka nikasema Buffalo.