Alasiri Niliyoogopa Kupelekwa Sokoni

Wiki jana baba alikataa chanjo ya kuongezea nguvu. "Ile ya kwanza ilinilaza kitandani," alilalamika, tumekaa kwenye benchi la kliniki hapa Nakuru, anajikanda bega. Harufu ya spiriti ikanirudisha utotoni kijijini kwetu Olenguruone, alasiri niliyochanjwa shuleni.

Nilifika nyumbani mkono umevimba, mwili unachemka. Baba alikuwa zizini, ananukia maziwa na dawa ya kupe. Alinibonyeza bega kwa kidole gumba, vile alivyobonyeza shingo za ndama waliodungwa sindano, akasema kwa furaha, "Imeshika!"

Mimi nilijua kinachofuata. Kwetu, ndama akidungwa na dawa ikashika, safari yake ilikuwa ya sokoni. Nikakumbatia gambuti ya mpira ya baba na matope yake yote, nikalia hadi ng'ombe wakageuka kututazama.

"Baba, usiniuze!"

Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Nikikupeleka sokoni, mama, mnunuzi atakuwa mimi mwenyewe." Akanibeba hadi jikoni, shavu langu limelala kwenye sweta lake la sufu linalowasha.

Siku hizi najua chanjo hufanya kazi hata bega lisipovimba. Lakini pale kwenye benchi sikuwa na maneno ya daktari. Nilimbonyeza baba bega kwa kidole gumba, taratibu.

"Ile ya kwanza ilishika, baba."

Akaanza kukunja mkono wa shati.

"Sawa. Lakini usinipeleke sokoni."