Kamba ya Mama Ramani

Siku hiyo mjinga alikuwa mwandishi wa makala haya, na ni heri aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

Ni saa moja na nusu asubuhi. Foleni ya ofisi ya viza imeshapinda kona ya ukuta. Fundi mwashi mmoja, mstaafu wa miaka sitini na sita, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la supu ya moto. Anamgeukia mwandishi na kumuuliza: kutoka uwanja wa ndege atakaotua hadi mji anaoishi binti yake, ni mbali?

"Ukishatua umefika, mzee," mwandishi anajibu, kwa ujasiri ule wa mtu asiyejua kitu. "Nchi si ni ile ile? Unapanda basi, jioni unakula kwa binti."

Hatua tatu kutoka hapo, chini ya mwavuli uliopauka, mwanamke mwenye miwani anainua uso kutoka kwenye fomu anayoijaza.

"Huyo anayekuelekeza, hata choo cha mtaa huu kilipo hajui," anasema. "Fundi, sogea hapa. Na wewe mwenye kalamu sogea, usije ukatuulia mtu."

Wasafiri wanamwita Mama Ramani. Ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na minane ameketi kando ya ukuta huu na meza ya kukunja, stempu, gundi na viti viwili vya plastiki. Huwajazia watu fomu, kisha huwapa kile ambacho hakimo kwenye fomu. Kwa siku hupata wateja sita hadi kumi. Siku mbaya, anasema, kinachopatikana kinatosha nauli ya kurudi nyumbani na maneno ya mume.

Nyuma yake kuna ramani ya nchi anakokwenda mwashi, nchi kubwa, imegongelewa kwenye ubao na kufunikwa nailoni. Kando yake, kwenye msumari, inaning'inia kamba fupi nyeusi. Ameikata kwa kipimo cha ramani hiyo hiyo: urefu wake ni nchi yetu, kutoka mpaka hadi mpaka.

"Pima mwenyewe," anamwambia mwashi.

Hampimii mtu. "Nikimwambia, anasahau kabla hajafika kona ile," anaeleza. "Akipima kwa mkono wake, usiku halali."

Mwashi anaichukua kamba na kuivuta ikanyooka, kwa mazoea ya miaka arobaini ya kunyoosha kamba juu ya matofali. Anaanzia mji wa pwani ulioandikwa kwenye tiketi. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne, na nusu. Hapo ndipo kidole chake kinapogusa mji wa binti.

"Nchi yetu kwa basi, mwisho hadi mwisho, saa ngapi?" anauliza Mama Ramani.

"Kumi na nne. Basi lisipoharibika."

"Haya, zidisha."

Midomo ya mwashi inacheza. Saa sitini na tatu. Ndege yake inatua Jumatatu saa kumi jioni, basi lingemfikisha Alhamisi asubuhi. Binti yake anafanyiwa upasuaji wa moyo Jumatano, saa mbili asubuhi.

Mwandishi anatazama viatu vyake, ambavyo kwa bahati vilikuwa na vumbi la kutosha kutazamwa.

"Aliniambia kwenye simu, 'Baba, nataka nikuone kabla hawajanilaza usingizi,'" mwashi anasema taratibu. "Mama yake hayupo. Nimebaki mimi."

Tiketi hiyo alinunuliwa na mpwa wake, mtoto wa dada, mfanyakazi wa duka la vifaa vya umeme, ambaye naye amefika sasa hivi. Alichagua ya bei nafuu. Kwenye ramani ya simu, miji hiyo miwili ilikuwa umbali wa nusu kidole.

Mama Ramani halaumu. Anampigia wakala wa tiketi aliye ghorofa ya pili, jengo la pili. Jibu linakuja: nafasi ipo ya kuondoka Jumamosi na kuunganisha ndege hadi mji wa binti, ila inashikwa hadi saa sita mchana tu. Tofauti ya nauli inakaribia bei ya simu ya mpwa, na huenda ndiyo maana mpwa anaikumbatia simu kifuani.

"Mjomba, tutafakari kwanza," anasema, na kwenda kunakili karatasi.

Mpwa akiwa huko, Mama Ramani anaendelea na mzee kama daktari aliye zamu. Dawa zake za presha zikae kwenye pakiti zake, na barua ya daktari juu. Bima asiikose: "Hospitali ya huko ukiingia bila bima, unatoka na ugonjwa mwingine." Uwanja wa kwanza atakaotua, begi alichukue mwenyewe na kulikabidhi tena, hata kama limeandikwa mji wa mwisho. Nchi ile ina kanda nne za saa, kwa hiyo asiamini saa ya mkononi, aamini ubao wa uwanjani.

"Na ofisa akikuuliza umebeba nini, usimchekeshe. Utani wako uache hapa, utaukuta ukirudi."

Mwashi anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Anwani ya binti iandike kwenye karatasi tatu. Moja mfukoni, moja kwenye begi, moja ndani ya soksi."

"Kwenye soksi tena, mama?"

"Simu huzimika, fundi. Begi hupotea. Soksi hujawahi kusikia mtu kaisahau uwanjani."

"Na sweta je?" mwashi anauliza. Hapo sauti ya Mama Ramani inashuka. Anafungua begi kubwa chini ya meza: makoti mazito ambayo wasafiri humrudishia wakitoka huko. Anamjaribisha mwashi moja la kijivu. Mikono inapwaya, lakini anamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama mtu anayempeleka mtoto shule.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo wa kiume wa Mama Ramani alikwenda nchi hiyo kufanya kazi. Begi alilipanga dada yake.

"Nilimpigia pasi mashati manne ya mikono mifupi," anasema. "Mwezi ule kwetu jua lilikuwa linapasua mawe. Nikafunga begi. Sikumuuliza mtu, huko ni majira gani."

Kijana alitua kwenye theluji. Alipanda basi la siku tatu, akiwa na shati na anwani iliyokuwa ndani ya simu iliyozimika. Homa ya mapafu ilimshusha katikati ya njia, katika mji ambao hakuna aliyemjua. Aliishi siku nane hospitalini. Nyumbani walipata habari wiki ya tatu, alipokwisha kuzikwa.

Mwaka uliofuata dada yake alinunua ramani. Tangu hapo humuuliza kila msafiri anayerudi: basi lilisimama wapi, mlango upi, foleni ipi, baridi ilianza mwezi gani. Majibu yamejaza madaftari kumi na moja.

Mwandishi, ambaye kwa ujinga alikuwa bado hajashiba, anamuuliza alipenda nini zaidi aliposafiri huko.

"Mimi? Sijawahi kufika," anajibu. "Pasipoti ninayo, nimeibadilisha mara mbili, haijagongwa muhuri hata mmoja. Fomu za watu nimejaza maelfu. Yangu nikifika penye 'sababu ya safari', mkono unagoma. Mwaka huu nimeijaza. Nakwenda mwezi wa saba, kukiwa na joto. Nataka nipige goti pale alipolala, nimwambie koti nimeleta."

Bahati mbaya, mpwa alikuwa amerudi na karatasi zake, na alilisikia lile la kwanza tu.

"Kumbe hujafika!" anasema. "Mjomba, umesikia? Tunabadilishiwa tiketi na mtu ambaye hata mlango wa ndege hajaushika. Haya yote ni ya kuambiwa."

Mama Ramani anavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kanga. Saa ya ukutani ya ofisi ya viza inaonyesha saa tano na robo.

"Mjomba, mimi nakutakia mema. Utatua, utauliza. Huyu anajuaje?"

Mwashi anainuka, koti limefungwa mpaka shingoni na jua limewaka. Anaitundika kamba kwenye msumari wake, anachukua bahasha na kuelekea jengo la wakala. Hatua ya pili anageuka.

"Mtoto wa dada, nimejenga maghorofa kumi na saba mji huu, na sijalala hata kwenye moja. Nionyeshe lililoanguka."