Yai Lililokwama

Kila majira ya kuchipua yakifika, duka la mbegu lililo karibu na kwangu hapa Walthamstow, Uingereza, hupanga magunia ya samadi ya kuku nje ya mlango. Mimi huvuka barabara mapema. Haisaidii. Harufu ile hunifuata, chachu na nzito, inakaa kooni kama dawa chungu, na ghafla nina miaka tisa tena, nimevaa gambuti za dada yangu, nataka kutapika.

Nawaambia nyinyi tu, maana shuleni sikuwahi kumwambia mtu: tulikuwa na shamba. Kilikuwa kipande tulichokodi kwa halmashauri, nyuma ya reli, lakini Mama alikiita shamba kwa sauti ya mtu mwenye ekari nyingi kwao Taita. Siku zake za mapumziko kutoka kazi ya kutunza wazee kule Stratford alizimalizia huko, nasi pamoja naye. Baridi ikipungua, Baba alikarabati ua na kuchimbua matuta ya sukuma wiki. Mimi nilipewa banda la kuku.

Kinyesi cha majira yote ya baridi kilikuwa kimeshikana tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizolowa. Ukiinua tabaka moja, mvuke unakupiga usoni, na chini yake funza weupe wanajinyonganyonga. Utitiri ulinipanda mikononi hadi kwapani. Chini ya mbao kulikuwa na makoa wanene, wakiburuta ute kama kamasi. Nilimkanyaga mmoja nikausikia mwili wake ukipasuka.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," Mama alisema kila nilipolalamika. Nami sikukumbuka kusema popote kwamba nalipenda boga.

Asubuhi moja, kuku wetu wa kahawia, Madamu, alisimama pembeni amejikunyata, macho amefumba. Chini ya mkia alikuwa amevimba, manyoya yameganda uchafu.

"Yai limekwama," Baba alisema.

Babu Ken, Mwingereza mzee wa shamba jirani, alichungulia juu ya ua akajitolea kumvunja shingo, asiteseke.

"Hapana," Mama alisema. "Bado anasimama." Akachanganya maji ya moto ya chupa ya chai na ya baridi kwenye beseni. "Wakesho, njoo umshike mabawa."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto, kwamba sitaki na siwezi.

"Nimekuelewa vizuri sana. Mshike."

Nikamshika. Alikuwa wa moto, na moyo wake ulipiga kwenye viganja vyangu. Mama alimkalisha majini, akamkanda tumbo, kisha akavua glavu, akapaka kidole mafuta ya kupikia na kukiingiza taratibu. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha yai likatoka, ganda lake laini kama ngozi, likapasuka kiganjani mwake. Maji ya kijani yenye damu yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Harufu yake siwezi kuieleza, na nyinyi hamjanikosea kitu hata niwaeleze. Nilitapika juu ya miche ya vitunguu. Baba alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Madamu alijikung'uta, akamnyea Mama kiatuni, akaenda zake kuchakura.

"Nakwenda kunawa," Mama alisema, akapita nyuma ya kibanda cha majembe.

Lakini bomba lilikuwa upande wa pili. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, ameinama, anatapika hadi mgongo unatetemeka. Hakuniona. Aliporudi alikuwa anaimba kwa pua, akauliza banda limefikia wapi. Wiki nzima nilimchungulia uso kila asubuhi, nikiamini ameambukizwa ugonjwa wa kuku.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Mama alikuja kunisaidia. Siku moja mtoto alichafua nguo, shuka na zulia kwa mpigo, nami nikakimbilia dirishani. Mama alimaliza kumwosha. Nikamwambia ana bahati, hana kinyaa.

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nani kakwambia? Kila siku kazini kilinishika. Sasa ningemtapikia usoni mzee niliyekuwa namwosha, naye keshaona aibu ya kutosha?"

Miaka yote nilidhani kuna watu waliozaliwa bila kinyaa, na ndio wanaopewa kazi zile. Kumbe tumbo lake lilikuwa kama langu. Alisubiri tu hadi aliyekuwa mikononi mwake ametulia, ndipo akatafuta ukuta.