Kafuri ya Daktari Kanti

Wiki iliyopita, katika stoo ya hoteli ninakofanya kazi huko Galu, mwenzangu alifungua pakiti ya kafuri ya kufukuzia wadudu, akaitupa chini kama aliyeumwa. "Toa hiyo! Yanuka maiti." Sikumlaumu. Kwetu sisi Waislamu wa Pwani, kafuri ni ya kuoshea maiti. Lakini mimi, niwaambieni ukweli, niliivuta harufu ile mpaka kifua kikajaa, nikajiona niko Msambweni kwenye benchi la mbao, miguu haijafika chini, nikingoja Daktari Kanti amalize kusali.

Zahanati yake ilikuwa chumba cha mbele. Nyuma aliishi na wanawe wawili, wakaza wana na wajukuu. Kila asubuhi, kabla hajamgusa mgonjwa, alioga, akavaa shuka jeupe, akawasha kafuri mbele ya miungu yake ya Kihindu na kupiga kengele ndogo ya shaba. Hapana mjukuu aliyetia kitu kinywani kabla ya kengele ile. Bapuji, kama walivyomwita, hakupaza sauti. Alimtazama mtu juu ya miwani tu, na mkate ukarudi sahanini.

Mara mbili kwa mwezi jiko lao halikunukia kitu. "Leo Bapuji hali," aliniambia Hansa, mjukuu wake wa rika langu. "Hanywi hata maji, mpaka kesho asubuhi." Sikuamini. Saumu isiyo na daku wala futari? Niliona Hansa ananivimbia tu.

Bibi yangu, Bi Mwanasha, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila Shaabani Daktari alimkataza kufunga, na kila Shaabani walibishana mbele ya benchi zima, hata wagonjwa wakasahau maumivu yao.

"Bi Mwanasha, dini yako yenyewe imekuruhusu. Mgonjwa hulisha maskini, basi."

"Haya, Sheikh Kanti! Na tarawehe utatusalisha wewe?"

Watu walicheka, Daktari naye akacheka, akaandika dawa. Na Ramadhani ilipoandama, Bibi akafunga.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, siku ya kumi ya mfungo, baada ya adhuhuri, Bibi alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi ya futari. Nikasikia mkuno umekatika. Nilipogeuka, jasho lilikuwa likimtiririka, mikono yatetemeka, naye ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyekwisha kufa. Mama na jirani walimshika huku na huku wakamkokota mpaka zahanati, nami nyuma na viatu vyake.

Daktari hakuuliza mengi. Alitayarisha sindano, Bibi akaifumbata mikono kwapani. Akakoroga sukari katika gilasi ya maji, akampelekea mdomoni. Bibi akaufumba.

"Nimefunga."

"Utatufia hapa, dada yangu. Kunywa."

"Mama, tafadhali!" Mama alikuwa akilia.

"Wewe umekunywa chai yako asubuhi, Kanti," alisema Bibi, ulimi mzito. "Utaniambia nini mimi juu ya saumu?"

Mama yake Hansa alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Daktari alimtazama, kisha akaitazama gilasi. Akainywa nusu, polepole, mbele yetu sote.

Taulo likaanguka. "Bapuji!" alisema mama Hansa, akaziba mdomo kwa mtandio.

Bibi alimkazia macho Daktari. "Leo ni siku yako?"

"Ilikuwa. Sasa imebaki nusu yako."

Bibi akapiga bismillahi, akainywa yote.

Mimi nilikasirika. Kesho yake chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, niliwatangazia wenzangu kwamba Daktari Kanti ni mroho, hunywa dawa za wagonjwa. Habari ikamfikia. Nilipopita tena, alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye uliyeniita mroho? Ni kweli. Maji yale yalikuwa matamu sana."

Bibi hakufunga tena. Alilisha maskini kila Ramadhani, akinung'unika. Na mara mbili kwa mwezi alinituma kwa Daktari na papai bivu, asubuhi mapema, kabla ya kengele. Sikuuliza kwa nini siku zile na si nyingine.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alipofariki, Daktari alikuja miguu mitupu, akasimama uani, akampa Mama kikopo cha kafuri. "Ni ileile ya nyumbani," alisema. Ndiyo waliyomwoshea Bibi.

Mwaka huu Daktari naye ametutoka. Nilipompigia Hansa kumpa pole, alinieleza kwamba kwa maisha yake yote babu yake aliivunja saumu yake mara moja tu, na kesho yake akafunga upya, peke yake, bila kumwambia mtu wa nje. Bibi, macho yakiona vitu viwili viwili, alilitambua jambo lile palepale. Mimi niliyejidai kuona kila kitu niliona maji tu.

"Nami nilimwita mroho," nikasema.

Hansa alicheka huku akilia. "Kisa hicho alikipenda, wewe! Kila mgeni alisimuliwa: kuna mtoto Msambweni aliyenikamata nikinywa dawa ya mgonjwa. Ila sehemu ya saumu hakuwahi kuisimulia."