Steshenari ya Asmahani na ng'ombe wasiohesabiwa

"Mama Winnie, usicheke."

"Sicheki, mwanangu."

"Unacheka. Meno yote yako nje!"

Baridi ya asubuhi haijaachia mjini Kasulu. Wauza chai wa karibu na stendi bado wamejifunika masweta, na Asmahani Haidari amesimama na kamera mbele ya shuka jeupe alilolipigilia misumari ukutani. Kwenye kigoda, mgongo kwa shuka, amekaa Immakulata, mkulima wa Makere, amevaa kitenge ambacho bado kinanukia duka. Anajitahidi kununa. Anaweza kidogo, kisha mabega yanaanza kutikisika, na watu waliokuja kutoa kopi za vyeti wanacheka naye.

Picha ya viza haitaki tabasamu. Ukimwona Immakulata utaelewa kwamba hilo ndilo sharti gumu kuliko yote aliyopewa.

Asmahani ana miaka thelathini na minne. Baba yake alitoka Tanga na marobota ya khanga akaja kufanya biashara huku milimani, akaoa, akasahau kurudi. Binti alimaliza kidato cha nne, akaajiriwa kuchapa barua kwenye duka la mtu, kisha akanunua kompyuta iliyotumika na mashine ya kopi yenye kelele kama ya kusaga mahindi. Hiyo mashine ipo hadi leo, na kelele zake zipo.

Siku nzuri anaingiza kama elfu thelathini. Siku umeme ukikatika anauza kalamu na bahasha, basi.

"Zamani nilikuwa najaza maombi ya vyuo na ya ajira tu," anasema. "Viza nilianza kwa kuombwa na jirani. Niliogopa, nikasoma maelekezo mpaka macho yakauma. Ile ilipokubaliwa, watu wakaanza kuja. Sasa wananiita Ubalozi Mdogo, na mimi naitika!"

Wateja hawamwishii. Familia nyingi za huku zina mtoto ng'ambo, hasa zile zenye asili ya Burundi, ambazo ndugu zao walipitia kambi za wakimbizi wakapelekwa nchi za mbali. Mtoto amekwenda, mama amebaki na simu. Na mama akitaka kwenda kumwona mwanawe japo kwa miezi michache, lazima apite kwenye kompyuta ya Asmahani.

Immakulata ni mmoja wao. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, yeye akazaliwa upande huu, akaolewa Makere, leo ni Mtanzania na mjane. Binti yake pekee, Winnie, aliolewa na Manirambona, kijana aliyekulia kambini na sasa ni fundi bomba huko Kanada. Mapema mwaka huu Winnie alipiga simu na habari mbili kwa mpigo: ana mimba, na anaogopa.

"Aliniambia, 'Mama, nikijifungua nani atanikanda?'" anasimulia Immakulata, na hapo kicheko kinakatika. "Huko hakuna shangazi, hakuna jirani wa kuchemsha maji. Mtoto wa kwanza! Nilisema nitakuja. Sikujua nitapita wapi, ila nilisema nitakuja."

Winnie anatarajia kujifungua mwezi wa nane. Hiyo ndiyo tarehe inayomkimbiza mama huyu.

Ombi la kwanza walilituma mwezi wa pili. Pasipoti ilikuwepo, mwaliko wa Winnie ulikuwepo, na Immakulata alisafiri hadi Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole, akarudi akilalamikia joto. Asmahani alimwuliza swali moja baada ya jingine na kuandika alichojibiwa. Wakafika penye swali la mali.

"Nikamwuliza, Mama Winnie, una nini? Shamba, nyumba, mifugo? Akainamisha kichwa, sauti ya chini kabisa: 'Sina kitu, mwanangu. Mimi ni maskini wa Mungu.' Nikauliza tena. Sina kitu. Basi nikaandika hana kitu. Ningefanyaje?"

Jibu lilirudi: ombi limekataliwa. Mwombaji, walisema, hajaonyesha chochote nyumbani kwake kitakachomrudisha muda wa ziara ukiisha.

Asmahani hakutaka kuitoa habari hiyo kwa simu. Alifunga duka, akapanda bodaboda hadi Makere. "Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilijisikia vibaya utadhani nimenyimwa mimi."

Alifika jioni, akaonyeshwa njia na watoto. Akaikuta nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba imeizunguka, kahawa imepandwa mpaka bondeni. Akadhani amepotea. Akiwa bado anashangaa, ng'ombe wakaanza kuingia zizini, wale wenye pembe ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, hawaishi.

"Nikamwuliza, Mama Winnie, hawa ng'ombe wa nani? Akasema, 'Wa hapa hapa.' Hapa kwa nani? 'Hapa hapa tu.' Nikaketi chini. Kwenye vumbi, na baibui langu. Nikamwambia: Mama, umeniua!"

Ukimwuliza Immakulata kwa nini alisema hana kitu, anakutazama kama umeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Sasa nijitape?" anasema. "Kwetu mtu mwenye adabu haulizwi una ng'ombe wangapi, na akiulizwa hasemi. Unasimama mbele ya watu unahesabu ng'ombe wako? Mana yanje, Mungu wangu! Watanionaje?"

Asmahani, mtoto wa mfanyabiashara, wa nyumba ambamo mali huhesabiwa kila jioni mlango ukishafungwa, hakuwahi kulijua hilo pamoja na kuzaliwa na kukulia hapa. Walikaa wawili hao jikoni, habari mbaya imekwisha kusemwa, wakala maharage. Ndipo Immakulata akaropoka, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Na nilivyomwahidi Bazilio, kweli ningekosa kurudi?"

Bazilio ni jirani. Mume wa Immakulata alipofariki, mzee huyo alimletea mtamba, ng'ombe jike mchanga, amfute machozi. Huku ng'ombe wa hivyo halipwi kwa fedha. Akizaa, unarudisha ndama jike kwa sherehe, pombe inamwagika, na mnakuwa ndugu mpaka kizazi cha tatu. Mtamba alikuwa amekua, alikuwa na mimba, na alitarajiwa kuzaa kabla ya Krismasi.

"Nisiporudi kumkabidhi ndama wake, Bazilio nitamtazama kwa macho gani?" aliuliza Immakulata.

"Nilirukaruka!" anakumbuka Asmahani. "Nikamwambia, Mama Winnie, hilo ndilo jibu! Wameuliza kitu gani kitakurudisha, na wewe unacho kinakula majani hapo nje!"

Ikabaki shida moja. Mwenye ng'ombe hataki kuwahesabu, na ombi linataka idadi.

Aliyeitatua ni Bazilio mwenyewe. Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akatamka kwamba mtu hajisifu, lakini rafiki yake hakatazwi kumsifu. Kesho yake akaja na kofia yake ya kanisani, akasimama zizini, mikono juu mfano wa pembe, akawataja ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na kwa sifa zake, huku Asmahani akipiga picha na ofisa mtendaji wa kijiji akiandika barua ya kuthibitisha. Immakulata alikimbilia jikoni, akafunga mlango na kuziba masikio hadi kazi ilipokwisha.

Idadi yao mwandishi anaijua. Hataiandika, kwa sababu naye amekula maharage ya nyumba ile.

Na ndiyo maana asubuhi hii wapo mbele ya shuka jeupe. Ombi jipya, picha mpya. Mara ya tisa au ya kumi hivi Immakulata ananuna vya kutosha, na mwanga wa kamera unampata. Asmahani anapakia kila kitu: hati ya shamba, barua ya mtendaji, picha za zizi, na ukurasa mzima unaoeleza habari za Bazilio na ndama ambaye hajazaliwa. Mtandao unasuasua, duka zima linakodolea macho kompyuta.

Dukani kwake kuna desturi: kitufe cha kutuma habonyezi yeye. Anabonyeza mwenye safari.

"Mimi nachapa, safari si yangu," anasema, na kumsogezea Immakulata kiti.

Immakulata anafanya ishara ya msalaba, anapangusa kidole kwenye kitenge, anabonyeza kwa nguvu kama anayezima moto. Limekwenda. "Sasa naruhusiwa kucheka?" anauliza.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba. Asmahani alilisoma mara tatu kabla ya kuliamini, akampigia Immakulata, akapiga kigelegele kwenye simu. Upande wa pili, anasema, kilijibiwa na Makere nzima.

Mwandishi aliporudi Kasulu mwezi wa tisa, shuka jeupe lilikuwa mahali pake. Pembeni yake imebandikwa picha: Immakulata kajifunika sweta la kuazima, amemkumbatia kichanga, meno yote yako nje. Alifika siku nne kabla ya uchungu. Maji yalichemshwa, Winnie akakandwa. Mtoto ni wa kiume, na tiketi ya bibi ya kurudi ni ya Novemba.

"Bazilio anapita hapa kila siku ya soko kuniuliza kama tarehe haijabadilika," anasema Asmahani. "Namwambia mzee, tulia, wewe ndiye uliyempatia viza."

Yeye sasa anataka kufungua duka la pili Kibondo. Watu wa huko wanaamka gizani kumfuata Kasulu, wakati mwingine wanakuta umeme umekatika. Chumba amekipata, anatafuta kijana wa kuchapa, na amekwisha kuandika sharti la kwanza la kazi: mteja akisema hana kitu, nenda kwake ukaone.

Kuna jambo lingine mwandishi alilisikia Makere. Kwamba siku ya kuaga, mbele ya majirani wote, Immakulata alimshika mkono Asmahani akampeleka zizini na kumkabidhi mtamba mweupe mwenye doa usoni. Kwamba binti wa Haidari, mjukuu wa Tanga, alilia hadi baibui likalowa. Basi mwandishi akamwuliza, kalamu mkononi: Asmahani, ni kweli sasa una ng'ombe?

Aliacha kuchapa. Akainamisha kichwa, akatazama vidole vyake, na sauti ikashuka chini kabisa.

"Mimi?" akasema. "Sina kitu, ndugu yangu."