Jina la Mkwe wa Bibi

Nilipokuwa mdogo, mama hakuwa anakwenda zahanati bila mimi, na si kwa sababu ya mapenzi. Karani wa dirishani alikuwa akiuliza jina kamili la mgonjwa. Mama anataja la kwake, anataja la baba, likifika la tatu ananigusa kwa kiwiko. La tatu lilikuwa la babu, yaani baba mkwe wake, na mwanamke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe, hata kama mzee mwenyewe yuko kaburini miaka nenda rudi. Basi nalitaja mimi kwa sauti, karani anaandika, mama anashusha pumzi. Nilijiona mtu muhimu sana.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mkaidi tu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda, na nikamkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mwingine yeyote.

Baba alikuwa mpima mizigo pale stesheni ya treni, Mpanda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alipunguzwa kazi, akarudi nyumbani Shanwe na huzuni ambayo hakutaka tuione. Mtu aliyezoea kuuliza kila gunia limetoka wapi na linakwenda kwa nani hawezi kukaa kibarazani anatazama kuku. Akaanza kuwauliza watu. Wewe baba yako ni nani, na baba yake, na kabla ya kuhamishiwa vijijini mlikuwa mnakaa wapi? Kumbe wengi walikuwa na hamu ya kuulizwa. Ndani ya muda mfupi kila Jumamosi mchana uwanja wetu ulijaa, na jambo lile likawa chama.

Ilikuwa miaka ile vyama vya siasa vinachipuka kila kona, kwa hiyo mtendaji akaja na baiskeli yake kutaka kujua tunamsimamisha nani. Baba akamjibu kwamba wanachama wetu wengi ni marehemu na hawategemei kupiga kura. Vijana wa mtaani wakasikia, wakatubatiza Chama cha Marehemu, na jina likashika. Baba alicheka nalo. Nadhani ndiyo miaka aliyocheka zaidi.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Kila familia ilileta shuka jeupe. Baba alichora visanduku kwa kalamu nene, watoto chini, wazazi juu yao, babu na bibi juu zaidi, na kila kisanduku kikatiwa jina. Wino ulipoanza kufifia kwa kufuliwa, mjane mmoja jirani yetu, fundi cherehani, akaanza kuyapitia majina kwa uzi. Mwanamume alishonwa kwa uzi wa bluu, mwanamke kwa mwekundu. Jina likishashonwa halikubishaniwa tena, kwa hiyo watu walibishana kwanza, na wengine walirudi nyumbani wamenuniana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, nikawa ndiye nashika shuka livutike vizuri wakati baba anachora.

Shuka letu sisi lilikuwa na kisanduku kimoja kitupu, cha juu kabisa.

Babu alifariki kwa homa baba akiwa bado anatambaa. Ndugu zake wakatawanyika, wengine wakafa. Makaburi ya wakubwa wote yalibaki kule porini tulikotolewa tulipohamishiwa vijijini, na mihogo pori imeota juu yake. Kwa hiyo jina la babu yake, yule baba wa babu, baba hakulijua. Mwanzoni halikumsumbua. Lilianza kumsumbua siku alipokuja mzee mmoja kutoka Katumba, mkimbizi wa Burundi, aliyevuka mpaka na mke na sufuria. Mzee yule alisimama uwanjani kwetu akawataja baba zake mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, mpaka shuka likaisha na mjane akaunga kipande. Alipomaliza akamgeukia baba kwa adabu na kumwuliza, “Na nyie wenyeji mnaanzia wapi?” Baba akatazama chini. Aliniambia jioni yake kwamba mtu yule hana hata shamba la kuita lake, lakini ana watu, na yeye mwenye nyumba na hati hana.

Na jina lilikuwa humo humo ndani ya nyumba yetu. Bibi alikuwa nalo. Aliolewa mkwe wake akiwa hai, akampikia, akamtekea maji, akamzika. Alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki chini ya jua ambaye alimjua yule mzee kwa jina, na alikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kulisema.

Baba alikosea namna ya kuanza. Alikulia shule ya misheni na baadaye stesheni, na mambo mengine yalimpita kando. Jumamosi moja, mbele ya wanachama wote, akamwuliza wazi, “Mama, baba mkwe wako alikuwa anaitwa nani?” Bibi akavuta kanga akafunika uso, akainuka polepole, akaingia ndani na hakutoka mpaka watu wote walipoondoka. Mama akamwambia baba chumbani maneno ambayo sikuyasikia vizuri, ila sauti yake niliisikia.

Baada ya hapo tukajaribu njia za pembeni. Tulimleta mtani wa ukoo wetu, mzee mwenye ruhusa ya kumtukana bibi na bibi asikasirike. Akamzungukia akimwambia, “We bibi, litapike hilo jina ulilolimeza, utakufa nalo litutie mkosi.” Bibi akacheka mpaka akatoa machozi, akamrushia majivu, akamjibu matusi mazuri zaidi ya yale aliyotupiwa. Jina hakulitoa. Mtani alikula ugali wetu akaenda zake.

Nikaja na akili yangu mwenyewe. Kwa kawaida mwanamke wa kwetu akibanwa humtuma mtoto amtajie, lakini hapa mtoto wa kutaja hakuwepo kwa kuwa hakuna aliyelijua. Nikasema basi nitamsomea majina yote ya kizamani ninayoyajua, na likifika lenyewe uso utamsaliti. Nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa pembeni nikaanza kama mtu anayeimba. Bibi aliendelea kuchambua, punje na taka, punje na taka, uso umetulia kama hasikii. Nilipochoka akasema, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, “Mke mwenzangu, unanitega kama panya.” Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

“Kwani ukilitaja kutatokea nini, bibi?” nikamwuliza.

“Sijui. Sijawahi kulitaja.”

“Basi jaribu.”

Akaacha maharage akanitazama. Akaniambia kwamba alipoletwa bi harusi, bado hana hata matiti ya kueleweka, mama mkwe wake alimwekea mkono juu ya mdomo, hivi, akamwambia jina la mzee wa nyumba halikai humu. “Na mimi nikakubali. Nyie mnataka nikamwambie nini yule mama nikifika?” Nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Yapo mambo ambayo ukiwa na nguvu unayavunja, na kama huna nguvu unaomba, lakini hili halikuwa na pa kushika. Baba hakuweza kumlazimisha mama yake. Bibi hakuweza kuulazimisha mdomo wake. Mimi niliwapelekea wote wawili chakula, nikawaona wakila sinia moja, mmoja ana njaa ya kitu ambacho mwenzake amekikalia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa. Nilitamani sana pawe na mwenye kosa.

Tukasikia kwamba Kibaoni yuko mzee aliyekuwa jirani wa ukoo wetu zamani zile. Baba alikuwa ameanza kuvimba miguu, lakini akasema tutakwenda. Tulipanda lori la mahindi, baba akakaa mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia. Mzee tulimkuta na akili zake zote. Alimkumbuka baba wa babu vizuri kabisa, urefu wake, kikohozi chake, shamba lake la mpunga lililokuwa karibu na mto, hata mbwa wake. Baba akasogea karibu naye.

“Na jina lake, mzee wangu?”

Mzee akashangaa. “Jina? Sisi tulikuwa watoto, bwana. Mtoto angemwita mtu mzima jina? Tulimwita baba wa fulani, basi. Muulize mama yako, si yuko hai?”

Tuliporudi nyumbani baba aliinua suruali akanionyesha miguu, imejaa mpaka magotini, kana kwamba ndiyo habari aliyotoka nayo Kibaoni.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa mno. Daktari alisema ni moyo, na kwamba apelekwe Tabora kwenye vipimo. Treni ilikuwa haiji, maji yamekata njia. Magari yalikuwa yanalala matopeni. Wanachama walikuja Jumamosi kama kawaida, sasa wakakaa ndani kwa sababu ya mvua, wakimzunguka kitandani. Walimletea maziwa, kuku, na maoni. Kila mtu alijua dawa fulani. Mjane wa cherehani alilitundika shuka letu ukutani mbele yake apate kulitazama. Nilitaka kulishusha. Kile kisanduku kitupu kilikuwa kinamtazama yeye.

Bibi alihamia kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha baba. Mchana mmoja nilikuwa namlisha baba uji, akausogeza mkono wangu, akamgeukia mama yake. Hakusema kama mwenyekiti wa chama. Alisema kwa kilugha cha nyumbani, kama mtoto.

“Mama, niambie basi.”

Bibi akamshika mguu ule uliovimba. “Mwanangu, unaniomba nivue nguo sokoni.”

“Tuko wenyewe humu.”

Nikaweka bakuli chini nikataka kutoka, lakini bibi akatikisa kichwa kwamba haitasaidia. Akafungua mdomo. Naapa aliufungua, na nikaona koo lake likicheza, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha akaufunga akaanza kulia, kilio kidogo, cha mtu aliyeshindwa kuinua mzigo mbele za watu. Baba ndiye aliyembembeleza. “Acha, mama. Acha tu. Haina neno.” Nilimchukia bibi wakati ule, na nilimhurumia, na nilikuwa nimeshika kijiko mkononi sijui nikiweke wapi.

Baba alifariki kabla treni haijarudi.

Chama cha Marehemu kilimzika mwenyekiti wake vizuri. Walikuja kutoka Katumba kwa baiskeli katika matope yale, na yule mzee mwenye baba wengi akiwa mbele yao. Walipotuita ndani kumuaga kabla jeneza halijafungwa, mama aliongozwa na dada zake, na bibi akawa wangu. Nilimshika mkono kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi. Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti kubwa, mvua inapiga bati. Bibi akainama juu ya mwanawe, akaweka mdomo sikioni mwake, akakaa hivyo kidogo. Niliona midomo yake ikisogea. Nikadhani anamuaga, kama kila mama anavyomuaga mtoto. Nikamwinua taratibu, wakafunga.

Watu walipokwisha kutawanyika baada ya matanga, nilianza kulikunja lile shuka. Bibi alikuwa mkekani ananitazama.

“Nimemwambia,” akasema.

Sikuelewa kwanza. “Umemwambia nani nini, bibi?”

“Baba yako. Alichokuwa anakitaka. Amekwenda anamjua anayemkuta.”

Nikakaa chini na shuka mapajani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwuliza kwa nini si juzi, kwa nini si siku ile ya uji, alipokuwa na masikio. Badala yake nikajikuta naomba, kama baba alivyoomba.

“Basi na mimi niambie.”

Akanitazama akinisikitikia kweli, nilimwona.

“Yule hawezi kulisema tena popote,” akasema. “We una mdomo, mke mwenzangu. Utalisema.”

Akaomba maji ya kunawa. Nikamletea, nikammiminia mikononi. Kisanduku kile bado ni kitupu mpaka leo, na bibi naye tulishamzika. Nilikuwa nimemshika mkono muda wote ule pale jenezani, bega kwa bega, na sikusikia kitu.