Gari Lisilonguruma

Juzi, kwenye yadi ya magari Upanga, muuzaji alikuwa akimsifia mfanyabiashara wa Kariakoo gari dogo jipya, lenye injini ya petroli inayosaidiana na mota ya umeme.

"Kwenye foleni linatembea kwa umeme, bosi. Hulisikii kabisa!"

Mteja akakunja uso. "Sasa nikifika dukani, majirani watajuaje nimekuja na gari jipya?"

"Si wataliona? Cheki taa, cheki nyuma lilivyochongwa."

Akalinunua kwa shingo upande. Jana nilimkuta Kariakoo, gari limeegeshwa mbele ya duka lake, viti bado vimevaa nailoni, naye amekaa ndani anapiga honi.

Wahandisi wameweza kuinyamazisha injini. Mwenye gari amewashinda.